Mama Panya na Fundi Aliyeganda

Mtaani walimwita Mama Panya, na hakuna aliyemwita hivyo kwa nia mbaya. Kazi yake ilikuwa kulea panya. Si kuwatega wala kuwawekea sumu, kuwalea hasa: kuwabadilishia maranda kwenye vizimba, kuwajazia chupa za maji, kuwapima uzito na kuwakagua masikio. Majirani waliposikia mara ya kwanza walicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja alimwuliza kama ni kweli panya hao wana daktari wao peke yao, maana yeye alikuwa ameshinda zahanati tangu asubuhi na daktari hakumwona hata kisogo. Mama Panya alicheka naye, akamwambia ajaribu kuota mkia.

Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwepesi wa miguu kuliko alivyoonekana. Kwenye jengo la utafiti alikofanya kazi, wasomi walikuja na kuondoka, lakini yeye alibaki, na panya walimzoea hata wakawa wanamlalia viganjani. Kilichompendeza zaidi ya vyote kilikuwa chumba cha ndani, kile chenye meza kubwa ya duara. Meza ilikuwa nyeupe, tupu, pana kama kitanda cha watu wawili. Ukingoni mwake palikuwa na kibanda cha plastiki nyekundu, kidogo kama boksi la viatu. Juu ya meza televisheni ilikuwa imening'inizwa kifudifudi, ikitazama chini.

Mambo yalikwenda hivi. Panya aliachwa azurure mezani kwa raha zake, anuse huku na kule, aingie kibandani, atoke. Kisha, akiwa amefika mbali na kibanda, Daktari alibonyeza kitufe. Kwenye televisheni kilitokea kidoa cheusi, kikatanuka haraka kama kivuli cha mwewe anayeshuka. Panya huyo alikuwa amezaliwa kwenye kizimba, mama yake alizaliwa kwenye kizimba, na mwewe hakuwahi kumwona hata mmoja wao. Lakini aligeuka na kufyatuka, moja kwa moja hadi kibandani, bila kutafuta, bila kubahatisha. Mwewe wa televisheni hana makucha, kwa hiyo hakuna aliyeumia, na panya akitoka humo Mama Panya alimpa mbegu ya alizeti ya kumtuliza.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani mikubwa, aliyekula karanga kazini ingawa tangazo la kukataza kula lilikuwa juu ya kichwa chake. Alisomea ubongo wa wanyama, hasa jinsi mnyama anavyojua alipo na anavyojua pa kukimbilia.

"Na kibanda kikiondolewa?" Mama Panya alimwuliza siku moja.

"Panya asiye na kibanda mara nyingi hakimbii," Daktari alisema. "Anaganda. Anasimama pale pale kama amepigwa picha, anaomba asionekane. Akimbie aende wapi?"

Mama Panya aliguna kwa huruma, akaendelea kufagia maranda. Lakini maneno yale yalimfuata njia nzima akirudi nyumbani, kwa sababu nyumbani kwake alikuwepo mtu aliyeganda.

Mtu huyo alikuwa mumewe. Wote walimwita Fundi, hata mkewe. Kwa miaka thelathini alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na nusu ya mageti na madirisha ya mtaa ule yalipita mikononi mwake. Presha ya macho ilimwanzia pembeni, ikawa inameza vitu kidogo kidogo kutoka kando kuja katikati, naye kwa ukaidi wake akanyamaza. Aliposema, madaktari walisikitika tu. Alipokwisha kuwa kipofu kabisa, mkewe aliona ngazi za nyumba yao ya ghorofani zitamvunja shingo, akapanga vyumba viwili vya chini, vyenye ua mdogo, karo la kufulia na geti. Kwa hiyo Fundi alihamia nyumba ambayo hakuwahi kuiona hata siku moja.

Sasa sikiliza mapenzi yanavyoweza kumfanyia mtu ubaya. Mama Panya aliisukuma meza ukutani, akakunja zulia, akatoa stuli, akapandanisha viti, chumba kikabaki kitupu kama ukumbi wa harusi kesho yake asubuhi. Yote hayo ili mume asijikwae. Kisha akamshika mkono. Alimshika mkono kwenda chooni, kwenda kitandani, kwenda kuota jua uani. Mkono wa Fundi haukupata nafasi ya kupoa. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alimkalisha kwenye kiti karibu na dirisha, akamwekea redio, chupa ya chai, na kando ya kiti, ndoo yenye kifuniko. Ndoo hiyo hawakuizungumzia kamwe.

Na kila kishindo kilimgandisha. Sufuria ikianguka kwa jirani, mlango ukibamizwa na upepo, Fundi alishika kiti kwa mikono miwili, kidevu juu, mdomo wazi kidogo, akabaki hivyo mpaka mtu amwambie ni nini. Mtu asipokuwepo wa kumwambia, alibaki hivyo hivyo.

Siku moja Mama Panya alirudi akamkuta amesimama katikati ya chumba. Dirisha lilikuwa limejibamiza tangu asubuhi, akashtuka, akanyanyuka, akaachia kiti, na kiti kikampotea. Kilikuwa nyuma yake, hatua chache tu. Suruali yake ilikuwa imelowa. Redio ilikuwa inaimba peke yake.

"Umechelewa," alisema.

Hakuwa amechelewa. Alimwogesha, akambadilisha nguo, na wote wawili wakajifanya wanasikiliza taarifa ya habari. Usiku ule ule Fundi alimpigia simu dada yake.

Dada huyo, wifi yake Mama Panya, alikuwa mjane mwenye nyumba kubwa, safari ya kutwa nzima kutoka hapo. Nyumba yake ilijaa watoto na wajukuu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeelekeza lori kurudi nyuma. "Wifi, ndugu yangu hawezi kukaa kama gunia," alisema kwenye simu. "Huku kuna watu, hatakosa wa kumshika mkono. Mwisho wa mwezi nakuja kumchukua."

Mama Panya angeweza kusema mengi. Angeweza kusema kwamba hawajawahi kulala mbalimbali, isipokuwa siku alizokwenda kujifungua. Angeweza kusema kwamba kazi ya panya ndiyo inayolipa kodi na dawa, hawezi kuiacha amfuate. Tangu aolewe hakuwahi kumbishia wifi yake, na siku ile pia hakumbishia. "Sawa, wifi," alisema, kisha akaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Wiki iliyofuata waliletwa panya wapya, sita, wadogo, na Mama Panya akiwa na moyo uliojaa maji namna ile, aliwaonea huruma kupita kiasi. Akawaza: kwa nini wahangaike kutafuta? Alifika kazini mapema, akamchukua kila mmoja viganjani kutoka kizimbani, akambeba taratibu mpaka kwenye kibanda chekundu. "Hapa ndipo kwako, umeona?" alimwambia. Kisha akambeba tena mpaka katikati ya meza, akamrudisha kibandani, kama mama anayemwonyesha mtoto darasa siku ya kwanza. Mezani hakuna aliyekanyaga zaidi ya hatua mbili. Daktari alipoingia na kuuliza kama panya wameshaizoea meza, Mama Panya alijibu kwa roho safi kabisa kwamba wameizoea.

Kidoa kikashuka. Panya wa kwanza akaganda. Wa pili akakimbilia upande usio na kibanda, nusura aanguke ukingoni. Wa tatu akaganda. Daktari alikagua nyaya, akazima televisheni na kuiwasha, akala karanga, akajaribu tena. Wa nne naye akaganda, mkia umenyooka kama waya.

"Hawa wamezoea kweli?" Daktari aliuliza.

"Wamezoea. Mimi mwenyewe nimewaonyesha."

"Umewaonyesha vipi?"

Mama Panya akamweleza, na akiwa katikati ya maelezo aliona uso wa mwenzake unabadilika, akaishia kusema kwa sauti ndogo, "Niliwabeba vizuri lakini."

Daktari alivua miwani na kusugua macho. Kazi ya siku nzima ilikuwa imekwenda na maji, na alisema hivyo, bila kuficha hasira. Kisha akaona jinsi mama yule alivyojikunja, hasira ikamwisha. "Ndiyo shida yenyewe, Mama. Umewabeba. Kichwa cha panya kinahesabu kwa miguu yake mwenyewe: nimekwenda hivi, nimegeuka hivi, narudi hivi. Ukimbeba anafika, lakini njia hajaijua. Lazima aende, apotee kidogo, arudi, aende tena. Tena kwa kutaka mwenyewe."

Alimpeleka kwenye chumba cha pili, ambako panya mzee mmoja alikuwa na uzi mwembamba wa waya kichwani, kama ameshikilia antena. Alikuwa anatafuna mbegu bila wasiwasi. Daktari akawasha kipaza sauti kidogo. Panya akatembea, kimya. Akafika kona moja ya boksi lake, kipaza sauti kikakwaruza, krr, krr, krr. Akaondoka, kimya. Akarudi kona ile ile, krr.

"Hiyo ni chembe hai moja tu ndani ya ubongo wake," Daktari alisema. "Inaamka akiwa hapo, basi. Kona nyingine ina chembe zake. Zikiunganika anakuwa na ramani."

Mama Panya alisikiliza akiwa ameshika mdomo. "Na ukimwekea ukuta katikati ya njia? Si utampoteza?"

"Anaanza kwa kujigonga. Halafu anajifunza ukingo wa ukuta. Siku ya hatari anakimbilia ukingo ule kwanza, akishaupita anakata kwenda nyumbani. Badala ya kumpoteza, ukuta unamsaidia kushika njia." Daktari akamtazama. "Kuna nini, Mama?"

Ndipo Mama Panya akamwambia habari za Fundi, zote, mpaka za ndoo. Alikuwa hajamwambia mtu. Daktari hakuwa na dawa ya mfukoni, na alionya mara mbili kwamba mtu si panya, wala asije akasema ni yeye aliyemshauri. Lakini alimruhusu aondoke mapema.

Fundi alikuwa kwenye kiti chake aliposikia miguu ya chuma ikikwaruza sakafuni. "Unafanya nini?"

"Narudisha meza katikati."

"Ili nijigonge?"

"Ndiyo."

Fundi alifikiri labda hakusikia sawasawa. Mkewe akatandika zulia, akarudisha stuli mahali pake, akaburuza kabati mpaka karibu na mlango wa chumbani. Kisha akasema, "Kuanzia leo sikushiki mkono."

"Umenichoka. Sema tu, mke wangu. Mwisho wa mwezi si mbali."

"Nimekuchoka tangu uliponichomelea kitanda kinacholia kila tukigeuka. Nyanyuka."

Alinyanyuka kwa hasira zaidi kuliko kwa nia njema. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, paja likaipata meza. Alitukana meza, akamtukana aliyeiweka, akatukana panya wote duniani. Lakini mkono wake ulikuwa umeshashika kona, na vidole vya fundi havijui kukaa bure. Vilipapasa kiungo cha chuma, vikapanda, vikashuka.

"Kona hii imekaa vibaya," alisema. "Nani aliichomelea?"

"Wewe."

Akaipapasa tena. Ilikuwa kweli meza yake, ya kazi za mwanzo, za ujana na haraka. Akacheka, kicheko kifupi cha puani, lakini Mama Panya alikihesabu, kwa sababu kilikuwa cha kwanza katika nyumba ile. Kutoka kona ile alijitupa kwenda mbele, akakosa kabati, akaishia ukutani, akasimama amepotea, akageuza uso huku na huku. Mama Panya alikuwa amekalia mikono yake. Nasema kweli, aliiweka chini ya mapaja na kuikalia, kwa sababu ilikuwa inataka kwenda yenyewe. Ilichukua muda mrefu. Fundi akarudi kwa kupapasa, akaikuta kona, akaanza upya.

Siku zilizofuata zilikuwa za magoti yenye michubuko na maneno makali. Mara mbili Fundi aligoma, akakaa kutwa nzima amenuna. Lakini mkewe alipokuwa kazini hakuna aliyemtazama, na pasipo kutazamwa mtu hufanya mengi. Alijitengenezea desturi ya kugonga kila kona anayoifikia kwa kifundo cha kidole, ko, mara moja tu, kama anayeijulisha kwamba amepita. Meza, ko. Kabati, ko. Fremu ya mlango, ko. Akajua kwamba harufu ya sabuni ni karo, na joto la chuma usoni mchana ni geti.

Jioni moja Mama Panya alirudi akaikuta ndoo imefunikwa kifudifudi pale karoni, imeoshwa, inakauka. Alisimama akaitazama. Kutoka kitini mpaka karoni hapakuwa karibu. Aliingia ndani akaanza kupika, na Fundi akaongeza sauti ya redio.

Lakini jambo moja lilikataa kubadilika. Kishindo kikitokea, bado Fundi aliganda. Aliweza kuwa katikati ya safari zake, anakwenda vizuri, mlango wa jirani ukajibamiza, naye akakauka hapo hapo, kidevu juu, kama vile hajui chochote. Mama Panya alijua maana yake, na hakumwambia mtu. Mumewe alikuwa amejifunza njia za nyumba hii, lakini moyoni alikuwa bado amesimama kwenye meza tupu.

Wifi alifika siku mbili kabla ya safari, akiwa na begi kubwa na moyo mkubwa, vyote vizito. Mama Panya alikuwa kazini, Fundi amelala. Wifi akaingia, akaona meza ya chuma imekaa katikati ya njia ya kipofu, akapigwa na butwaa. Hakuwa mtu wa kuuliza kwanza. Aliisukuma meza mpaka ukutani, akatoa stuli nje, akafagia, akaweka begi lake mahali alipoona pana nafasi. Alifanya yale yale aliyoyafanya Mama Panya mwanzoni, kwa mapenzi yale yale.

Fundi akaamka. Akatoka chumbani kwa kujiamini, akagonga kabati, ko, akaja kwa hatua zake zilizokwisha kuwa ndefu, akanyoosha kidole apige kona ya meza. Kona haikuwepo. Akaongeza hatua, akaongeza nyingine, mguu ukaingia kwenye mkanda wa begi.

Mama Panya alipofika alimkuta kwenye kiti cha dirishani, kitambaa chenye damu kwenye nyusi, na wifi akimpepea.

"Shikamoo, wifi. Kuna nini?"

"Marahaba. Kuna nini? Niulize mimi," wifi alisema. "Nyumba ya kipofu imejaa vyuma kama gereji. Mnataka kumuua?"

Mama Panya aliangalia meza pale ukutani, akaelewa kila kitu. Miaka yote ile ya "sawa, wifi" siku hiyo ilifika mwisho. "Wifi, kwa heshima zote," alisema, "meza irudi ilipokuwa."

"Mwenzio anatoka damu, wewe unalilia meza?"

"Nalilia meza."

Wifi alifyonza kwa nguvu. Lakini aliyemaliza ubishi alikuwa Fundi mwenyewe. "Iacheni," alisema, sauti yake imechoka. "Mnagombana kwa ajili ya nini? Jumamosi naondoka. Kumbe kitu kimoja tu kikisogezwa, mimi si mtu tena."

Wala hakumlaumu dada yake, na hilo ndilo lililomuumiza Mama Panya zaidi. Jioni aliiburuza meza peke yake mpaka katikati, akiacha ipige kelele inavyotaka. Fundi aliuliza ni ya nini, kama yeye anaondoka. Mkewe akamjibu kwamba chumba ni chake pia, na yeye anaipenda hapo.

Jumamosi ikafika, kavu, yenye jua. Teksi ya kuwapeleka kituo cha basi ilisimama mbele ya geti, mlango wa nyuma umefunguliwa. Fundi alikuwa amekalishwa kwenye benchi la uani, karibu kabisa na geti, shati limepigwa pasi, begi lake miguuni. Wifi alisimama kando yake, gauni likimgusa bega, akibishana na dereva kuhusu buti la gari. Akinyoosha mkono, Fundi angemgusa dada yake. Akipiga hatua mbili, angeingia garini.

Mama Panya alikuwa karoni, nusu ya njia kati ya geti na mlango wa nyumba, akifua shati ambalo halikuwa chafu. Alitaka kumpigia mumewe magoti. Alitaka kusema, usiende, nitakufa kwa upweke na panya hawatajua kuniambia pole. Hakusema, kwa sababu alimjua Fundi. Angebaki kwa huruma, na kila siku angekuwa anajiona mgeni anayevumiliwa. Mume wa namna hiyo hakumtaka. Basi akafua.

Lori lilikuwa linapita barabarani, limepakia mchanga kupita kiasi. Likafika usawa wa geti, na tairi la nyuma likapasuka.

Mlio ule uliyatikisa hata madirisha. Wifi alichuchumaa, mikono kichwani, mkoba ukamwagika. Dereva wa teksi akajitupa chini ya usukani. Mama Panya aliruka, shati likamtoka mkononi.

Na Fundi akakimbia.

Hakuganda, hakushika benchi, hakuinua kidevu. Alinyanyuka, akageuka, akatoka mbio ameinama, mkono mmoja mbele. Hakwenda kwenye mlango wa gari uliokuwa wazi hatua mbili kutoka kwake. Hakumshika dada yake, ingawa nguo zao zilikuwa zinagusana. Alikata ua moja kwa moja kuja karoni, vidole vikasuguana na ukingo wa saruji, akapita akiugusa mkono uliolowa wa mkewe wala asisimame, akapinda kwenye fremu ya mlango, akapotea ndani. Mama Panya alisikia kona ya meza ikigongwa. Kisha kabati. Kisha kimya.

Alimfuata ndani. Alimkuta chumbani, amejibana kati ya ukuta na kitanda, amechuchumaa, anahema.

"Ni nini?" Fundi aliuliza.

"Tairi. Tairi la lori."

"Tairi tu?"

"Tairi tu."

Alishusha pumzi. Taratibu akaanza kutambua alichofanya, na aibu ikamjaa usoni. "Nimekuacha huko nje," alisema. "Nimekupita kabisa."

"Umenipita kama basi la haraka."

"Ingekuwa bomu je? Mume gani huyo?" Kisha akatega sikio. "Sasa wewe unalia nini?"

Mama Panya alikuwa analia kweli, tena kwa sauti, huku anacheka, na pua inamvuja, na hakujali. Aliketi sakafuni mbele yake. "Umekimbia, Fundi," alisema. "Umekimbia."

"Si ndiyo nakwambia nimekimbia. Nimekimbia kama panya."

"Ndiyo," alisema. "Kama panya."

Hakuweza kumweleza zaidi ya hapo, kicheko na kilio vilikuwa vimemziba. Mlangoni akatokea wifi, kilemba upande, vumbi magotini. Alimtazama ndugu yake pale kwenye pembe yake, akamtazama mke wake, akageuka kutazama meza kwenye chumba cha mbele, akapima kwa macho njia ndefu iliyotoka getini mpaka hapo. Alikuwa mbishi, lakini mjinga hakuwa.

"Mimi nilikuwa hapo hapo," alisema. "Hapa. Bega hili. Umeniruka."

"Nisamehe, dada. Sikufikiri."

"Najua hukufikiri." Aliketi ukingoni mwa kitanda, kitanda kikalia. Alijifuta vumbi magotini, na aliposema tena ile sauti ya kuelekeza malori ilikuwa imeshuka. "Nilikuja kukuchukua nikupeleke nyumbani."

Nje, dereva akapiga honi.

"Nendeni mkamwambie," wifi alisema, "abiria ni mmoja."

Mama Panya akaanza kunyanyuka, lakini Fundi alikuwa ameshasimama, ananyoosha shati lake.

"Kaa na dada," alisema. "Nitamwambia mwenyewe, na begi langu nirudi nalo."